Kugawana Picha: Kufundisha Kazi ya Vichakataji Vingi Bila Kompyuta

Utangulizi

Wakati wa mavuno ya pamba, nyumba nyingi za Bariadi, Itilima na Maswa huwa na kazi moja ya jioni. Pamba iliyotoka shambani humwagwa juu ya turubai, na watu wa nyumba huketi kuizunguka wakitenga pamba safi na pamba fifi. Ile nyeupe iliyofunguka vizuri huwekwa upande mmoja. Ile iliyobadilika rangi, iliyoharibiwa na wadudu au iliyoshikamana na majani makavu huwekwa upande wa pili. Kazi hii haihitaji mizani wala rula. Ni kazi ya jicho: kutazama, kutambua na kuweka mahali pake. Mtu mmoja akiachiwa lundo zima atakesha. Watu sita wakilizunguka hulimaliza kabla ya chakula cha usiku.

Hata hivyo kila mama wa nyumba anajua kwamba wingi wa mikono peke yake hautoshi. Wale sita wasipokubaliana fifi ni ipi, lundo litachambuliwa upesi na kuharibiwa upesi vilevile. Hawana budi kuulizana, kuonyeshana na kusahihishana huku kazi ikiendelea.

Makala hii yakusudia kueleza jambo linalofanana sana na hilo, yaani jinsi kompyuta zinavyogawana picha kati ya vichakataji vingi ili kuharakisha kazi ya kutambua kilichomo ndani ya picha. Kichakataji ni kile kiungo cha kompyuta kifanyacho hesabu. Wengine hukiita prosesa. Twakusudia pia kuonyesha namna mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kulifundisha jambo hili kwa karatasi, penseli na kadi, katika shule isiyo na kompyuta hata moja. Tumelijaribu na wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha, tukakosea, tukajifunza. Kosa letu tutalieleza wazi, kwa sababu ndilo lililotupa somo lenyewe.

Picha ni nini kwa kompyuta?

Mtoto akitazama picha ya tembo huona tembo. Kompyuta haioni tembo, huona namba. Picha yoyote iliyoingizwa katika kompyuta imegawanywa katika miraba midogo sana, iliyopangwa safu za kulala na safu za kusimama kama karatasi ya hesabu yenye miraba. Kila mraba hupewa namba inayoeleza wingi wa mwanga au rangi yake. Miraba hiyo huitwa pikseli. Kwa darasa letu inatosha kutumia namba mbili tu: 0 kwa mraba mweupe na 1 kwa mraba mweusi.

Kutambua kitu ndani ya namba hizo ni kutafuta mpangilio. Njia inayotumika sana ni ya kuchukua kiolezo kidogo, tuseme chenye miraba 3 kwa 3, na kukipitisha juu ya picha nzima, hatua moja baada ya nyingine. Katika kila mahali kinapotua, namba za kiolezo huzidishwa na namba za picha zilizo chini yake, kisha majibu hujumlishwa. Jumla ikiwa kubwa, kompyuta hujua kwamba mpangilio uliotafutwa upo hapo.

Tuchukue picha ndogo ya miraba 12 kwa 12, yaani miraba 144. Kiolezo cha 3 kwa 3 chaweza kutua ndani yake mahali 10 kwa upande wa kulala na mahali 10 kwa upande wa kusimama. Jumla ni mahali 100. Kila mahali pana kuzidisha mara 9. Basi kwa picha hiyo ndogo mno, na kwa kiolezo kimoja tu, tuna kuzidisha mara 900. Picha ya kamera ya kawaida ina pikseli mamilioni, na kompyuta hutumia violezo vingi, tabaka juu ya tabaka: majibu ya violezo vya kwanza huwa picha mpya ya kupitishiwa violezo vya pili, na kuendelea. Hapo mwanachuo ataona kwa nini kichakataji kimoja, hata kiwe hodari namna gani, huelemewa.

Njia mbili za kugawa kazi

Zipo njia mbili kubwa za kugawa kazi hii, na yafaa mwalimu azitofautishe mapema.

Njia ya kwanza ni kugawa lundo la picha. Ikiwa kuna picha 1,000 na vichakataji 4, kila kimoja hupewa picha 250 nzima nzima. Hivyo ndivyo wafanyavyo wachambuzi wa pamba: kila mmoja huvuta fungu lake. Kila kichakataji huwa na nakala yake ya violezo, na hakina haja ya kumwuliza jirani kila mara.

Njia ya pili ni kugawa picha yenyewe. Picha moja hukatwa vipande, na kila kichakataji hupewa kipande kimoja. Njia hii hutumika picha inapokuwa kubwa mno kwa kumbukumbu ya kichakataji kimoja, au jibu la picha moja linapotakiwa haraka. Kwa macho yaonekana kuwa sawa na ile ya kwanza, lakini ina mtego ndani yake. Katika mtego huo ndimo tulimonasa sisi.

Kosa letu la kwanza

Katika shule moja ya msingi wilayani Bariadi, wanachuo wetu waliandaa picha ya miraba 12 kwa 12. Ndani yake walichora alama tatu za umbo la msalaba mdogo: mraba mmoja mweusi katikati na miraba minne meusi iliyougusa juu, chini, kushoto na kulia. Waliongeza pia miraba michache meusi hapa na pale ili kupotosha. Kisha waliikata picha kwa mkasi katika robo nne za miraba 6 kwa 6, wakavipa vikundi vinne robo moja kila kimoja pamoja na kiolezo cha kadi. Kazi ilikuwa kutafuta misalaba.

Vikundi vilifanya kazi kwa bidii na kuleta majibu. Kikundi cha kwanza kilisema msalaba mmoja. Cha pili kilisema hakuna. Cha tatu, hakuna. Cha nne, hakuna. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alitazama andalio lake la somo. Lilisema misalaba mitatu. Akawaambia wanafunzi kwamba hawakuhesabu vizuri, warudie. Wakarudia, wakaleta majibu yaleyale. Akawaagiza warudie mara ya tatu, na sauti yake ikaanza kupanda.

Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma aliponyosha mkono. "Samahani, Mwalimu," alisema, "karatasi yetu ina msalaba usio na mguu. Labda mguu uko kwa wenzetu wa chini."

Tulipoziunganisha zile robo nne mezani, ikawa kama alivyosema. Misalaba miwili ilikuwa imekatwa na mkasi. Kila upande ulibaki na sehemu isiyotosha kuitwa msalaba. Watoto hawakukosea hata kidogo. Walikuwa wamejibu kwa usahihi swali la kipande walichopewa. Waliokosea ni sisi tuliogawa, na tuliowalaumu kwa kutokuona kitu ambacho hatukuwapa.

Twawasihi wanachuo walishike jambo hili hata kama watayasahau mengine yote katika makala hii. Kikundi kinapoleta jibu lisilofanana na la mwalimu, swali la kwanza lielekezwe kwenye mgawanyo wa kazi, kabla ya kuelekezwa kwa mwanafunzi.

Kukopeshana mipaka

Dawa ya mtego huo ni ileile itumiwayo na wataalamu wa kompyuta. Kila kichakataji humiliki kipande chake, lakini huazima kwa jirani ukingo mwembamba wa miraba inayopakana naye. Ukingo huo hakimiliki; hukitumia tu kwa kutazama. Kwa kiolezo cha 3 kwa 3, safu moja ya jirani inatosha.

Tuone hesabu yake. Robo ya miraba 6 kwa 6 isiyoazima kitu huruhusu kiolezo kutua mahali 4 kwa 4, yaani 16. Robo nne hutoa mahali 64. Picha nzima ilikuwa na mahali 100. Basi mahali 36 hapakutazamwa na mtu yeyote. Kila robo ikiazima safu moja ya kulala, safu moja ya kusimama na mraba mmoja wa pembeni, huwa na miraba 7 kwa 7. Kiolezo hutua mahali 5 kwa 5, yaani 25. Mara nne ni 100 kamili. Hakuna palipopotea wala palipohesabiwa mara mbili.

Kuazima huko kuna gharama. Kila robo imenakili miraba 6 na 6 na 1, yaani 13. Kwa robo nne ni miraba 52. Je, kama tungeikata picha katika mikanda minne ya safu 3 za kulala badala ya robo? Kila mkanda ungekuwa na miraba 36, sawasawa na robo. Lakini bila kuazima, kila mkanda ungeruhusu mahali 10 tu, jumla 40. Mahali 60 pangepotea. Na ili kuyaokoa hayo yote, mkanda wa juu na wa chini ungeazima safu moja kila mmoja, na mikanda miwili ya katikati ingeazima safu mbili kila mmoja. Hizo ni safu 6 za miraba 12, yaani miraba 72 badala ya 52. Zaidi ya hayo, mikanda ya katikati ingekuwa na mahali 30 pa kutazama ilhali ya pembeni ina 20, hata wengine wamalize mapema na kukaa bure wakiwangoja wenzao.

Sababu yake ni somo la hesabu ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi hulifundisha: mzingo na eneo. Robo ya 6 kwa 6 ina eneo la 36 na mzingo wa 24. Mkanda wa 12 kwa 3 una eneo hilohilo la 36, lakini mzingo wake ni 30. Kazi ya kuhesabu hufuata eneo. Kazi ya kuazimana hufuata mzingo. Mara nyingi mwanafunzi huuliza, "Mzingo na eneo vitanisaidia nini?" Hapa mwalimu anao mfano ulio hai.

Kwa nini wanne hawawi mara nne?

Tuseme kila mahali kiolezo kinapotua humchukua mwanafunzi nusu dakika. Mwanafunzi mmoja atahitaji dakika 50 kwa mahali 100, muda unaozidi kipindi cha dakika 40. Vikundi vinne vyenye mahali 25 kila kimoja vitahitaji dakika 12 na nusu. Lakini tuongeze dakika 2 za kunakili mipaka na dakika 3 za kukusanya majibu ubaoni. Jumla ni dakika 17 na nusu. Kazi imekwenda haraka karibu mara tatu, wala si mara nne.

Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Gene Amdahl, alilieleza jambo hili mwaka 1967. Hoja yake ni kwamba katika kila kazi kuna sehemu isiyogawanyika, na sehemu hiyo ndiyo iwekayo kikomo cha kasi. Kama sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, basi hata ukiwa na wafanyakazi elfu, kazi haitakwenda haraka zaidi ya mara kumi. Wakiwa wanne, itakwenda haraka mara tatu na kidogo tu.

Mwalimu aweza kulipeleka wazo hili mbali zaidi kwa swali moja: je, tukimpa kila mwanafunzi mahali pamoja tu, tukawa na wanafunzi 100? Kila mmoja atamiliki mraba mmoja wa katikati na kuazima 8. Jumla ya miraba ya kuazimwa ni 800, kwa picha yenye miraba 144 tu! Hesabu ya kila mmoja itakwisha kwa nusu dakika, lakini kipindi chote kitaishia katika kugawa karatasi.

Kugawana kilichojifunzwa

Mpaka hapa tumedhani kwamba kiolezo kinajulikana tangu mwanzo. Katika utambuzi wa picha wa siku hizi, kompyuta hutafuta violezo vyake yenyewe kwa kuonyeshwa mifano mingi yenye majibu. Ikikosea, namba za violezo hurekebishwa kidogo. Ikikosea tena, hurekebishwa tena. Hapa kugawana kunachukua sura nyingine.

Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, yaani Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, waliifundisha kompyuta kwa picha zipatazo milioni 1.2. Walitumia vichakataji viwili vya michoro, kila kimoja kikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3. Mfumo wao haukuenea katika kimoja, kwa hiyo waliugawa nusu kwa nusu. Jambo la kuzingatia ni kwamba hawakuviacha vichakataji hivyo viwasiliane wakati wote. Vilipashana habari katika tabaka fulani tu, na katika tabaka nyingine kila kimoja kilitumia matokeo yake chenyewe. Mafunzo yalichukua siku tano hadi sita.

Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Facebook walitumia vichakataji 256 kwa mkusanyiko wa picha wa namna hiyohiyo. Kila kichakataji kilichukua picha 32 kwa zamu moja, hata zote pamoja zikawa 8,192. Kila zamu ilipokwisha, vichakataji vyote vilileta masahihisho yao, yakatafutiwa wastani, na wote wakaondoka na violezo vinavyofanana kabla ya kuanza zamu iliyofuata. Mafunzo yalikwisha kwa saa moja.

Turudi kwenye turubai la pamba. Watu sita wanachambua mafungu yao. Kila baada ya muda mama wa nyumba husema, "Hebu leteni tuone." Huyu ameitupa iliyo safi, yule ameipokea iliyo fifi. Wanasahihishana, wanakubaliana upya, kisha kila mmoja anarudi kwenye fungu lake. Wakiitwa kila dakika, kazi haiendi. Wasipoitwa kabisa, kila mmoja atakuwa na fifi yake.

Mfano wa Serengeti

Mwanafunzi ataweza kuuliza: kazi hii yatusaidia nini sisi? Jibu liko jirani. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yapakana na mkoa wa Simiyu, na Pori la Akiba la Maswa limo mkoani humu. Watoto wa vijiji vya kandokando huwafahamu tembo kwa nyayo zilizoachwa mashambani usiku.

Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kutandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Serengeti. Kamera hizo hujipiga zenyewe pindi kitu chenye joto kinapopita mbele yake. Kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimekusanya mafungu ya picha milioni 1.2. Hakuna jopo la wataalamu ambalo lingeweza kuyatazama yote kwa wakati.

Watafiti waligawa lundo. Kuanzia Desemba 2012 picha ziliwekwa wazi chini ya jina la Snapshot Serengeti, na watu wa kawaida wakaombwa kusaidia kutambua wanyama. Zaidi ya watu 28,000 walijiandikisha, wakatoa majibu milioni 10.8. Kila fungu lilionyeshwa kwa watu kadhaa, na jibu lililokubaliwa na wengi ndilo lililochukuliwa. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya wataalamu, yalikuwa sahihi kwa asilimia 96.6 katika kutaja aina ya mnyama. Hapo binadamu wenyewe ndio waliokuwa vichakataji, nao walitumia njia ya kwanza tuliyoieleza.

Kisha mwaka 2018 watafiti wengine, wakiongozwa na Mohammad Sadegh Norouzzadeh, walitumia picha milioni 3.2 za Serengeti zilizokwisha kutambuliwa na watu hao kuifundisha kompyuta kutofautisha aina 48 za wanyama. Waligundua kwamba kompyuta ingeweza kuchukua asilimia 99.3 ya kazi kwa usahihi uleule wa asilimia 96.6. Walikadiria kwamba hiyo ingeokoa zaidi ya miaka 8.4 ya kazi ya mtu mmoja afanyaye kazi saa 40 kwa wiki. Karibu robo tatu ya picha hazikuwa na mnyama yeyote. Kamera iliamshwa na majani yaliyotikiswa na upepo au na joto la mchana. Aliyepewa lundo lisilo na mnyama naye alikuwa amefanya kazi, kwa sababu "hapana" yake ilikuwa jibu.

Mwalimu asiache kueleza pia udhaifu. Kompyuta huwatambua vizuri wanyama iliowaona mara nyingi, kama nyumbu, na hukosea zaidi kwa wale wachache. Jicho la binadamu bado lahitajika.

Somo lenyewe darasani

Somo hili lafaa kwa madarasa ya V hadi VII, katika vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Zana ni karatasi zenye miraba, penseli, mkasi na kadi za maboksi yaliyotupwa. Kila kadi ikatwe mraba wenye nafasi 3 kwa 3, na nafasi tano za msalaba zitobolewe.

Tuseme darasa lina wanafunzi 80. Andaa picha tano tofauti, kila moja kwa seti ya vikundi vinne vya wanafunzi wanne. Hivyo darasa zima litakuwa limetumia njia zote mbili: lundo la picha limegawanywa kati ya seti, na kila picha imegawanywa kati ya vikundi. Kila mwanafunzi apewe kazi yake: mmoja ashike kiolezo, mmoja ahesabu, mmoja aandike, na mmoja awe mjumbe wa kwenda kwa majirani. Kikundi kikiwa na wanafunzi kumi na penseli moja, tisa watakuwa watazamaji.

Kwa picha ya mfano, weka vitovu vya misalaba hivi, ukihesabu kutoka juu na kutoka kushoto: safu ya kulala ya 3 na ya kusimama ya 3; safu ya kulala ya 6 na ya kusimama ya 9; safu ya kulala ya 10 na ya kusimama ya 7. Wa kwanza utabaki mzima, wawili watakatwa.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Mwanafunzi mmoja apitishe kiolezo mbele ya darasa kwa dakika tano. Wenzake wakadirie atamaliza baada ya muda gani.

Hatua ya pili (dakika 15). Kata picha katika robo, gawa, na vikundi vitafute misalaba bila kuazimana. Andika majibu ubaoni bila kusema kama ni sahihi au la.

Hatua ya tatu (dakika 5). Unganisha robo. Uliza, "Misalaba mingine ilikwenda wapi?" Kisha nyamaza. Usiwape jibu, wape muda.

Hatua ya nne (dakika 20). Wajumbe wanakili kingo za majirani, na vikundi virudie kutafuta. Kikundi chenye kitovu cha msalaba ndicho kinachouhesabu.

Hatua ya tano (dakika 20). Wanafunzi wahesabu miraba iliyoazimwa, kwanza kwa robo, kisha kwa mikanda, na walinganishe mzingo na eneo.

Hatua ya sita (dakika 10). Majumuisho, na mfano wa Serengeti.

Makosa matatu hutokea mara kwa mara. La kwanza, mjumbe kuazima safu mbili badala ya moja, hata msalaba mmoja ukahesabiwa na vikundi viwili. La pili, vikundi kusahau mraba wa pembeni unaotoka kwa jirani wa mshazari. La tatu ni la mwalimu mwenyewe: kukidharau kikundi kisichopata msalaba. Katika picha tuliyoitaja, robo ya chini kushoto haina kitovu hata kimoja. Wanafunzi wa kikundi hicho waambiwe wazi kwamba bila wao tusingejua kuwa hapakuwa na kitu.

Hitimisho

Twajua kwamba baadhi ya wanachuo huogopa masomo yanayotaja kompyuta, kwa kuwa shule watakazopangiwa huenda zisiwe na umeme, sembuse mashine. Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kiini cha jambo kinaweza kushikwa kwa mikono. Mtoto aliyewahi kwenda kwa jirani kunakili safu moja ya miraba ili msalaba wake ukamilike ameelewa jambo ambalo vichakataji 256 hufanya kwa njia yao.

Jambo hilohilo lamhusu mwalimu mwenyewe kila siku anapogawa darasa katika vikundi. Kabla ya kusema, "Kaeni katika vikundi," ajiulize maswali matatu: Je, kila kikundi kimepata kazi inayolingana na ya wenzake? Je, kikundi kinahitaji kujua nini kutoka kwa jirani ili jibu lake liwe kamili? Na ni lini tutakutana wote kusahihishana?

Yule msichana wa nyuma hakuwa na chombo chochote ila robo ya karatasi na msalaba usio na mguu. Aliuona upungufu, akakisia ulipo uliosalia, akathubutu kusema mbele ya mwalimu aliyekwisha kukasirika. Laiti angenyamaza, tungeondoka shuleni pale tukiamini kwamba darasa lile halijui kuhesabu.